Sura ya Sita: Mstari wa Tatu

Kufikia saa tatu asubuhi ya Jumatano, watu wanne walikuwa wamekwisha kukiri kwamba wao ndio waliochoma tawi la Tofali, na Inspekta alikuwa na hakika kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelichoma. Wa nne alikuwa bado ameketi mbele yake, mwokaji mikate mwenye unga kwenye nyusi, kifua mbele, akingoja kuandikwa jina. Inspekta alimuuliza alitumia mafuta gani. Petroli, akajibu bila kusita. Aliwashia wapi? Mlangoni, chini ya bango lao. Saa ngapi? Hapo mwokaji akaanza kutafuta maneno darini, kwa sababu Jumapili saa kumi na mbili jioni alikuwa zamu mbele ya tanuri na wenzake sita, na wote sita walikuwa wamekwisha kulisema hilo bila hata kuulizwa.

"Kwa hiyo hukuchoma," Inspekta alisema.

"Kwa mkono sikuchoma, afande. Lakini kwa moyo nilikuwepo."

"Moyo wako hauna kesi. Nenda kazini."

Mwokaji aliondoka amenuna, utadhani amenyimwa haki yake. Inspekta alishika kichwa kwa mikono miwili. Ripoti ya zimamoto ilikuwa mezani tangu Jumatatu, nayo ilisema mafuta ya taa, ukuta wa nyuma, chini ya dirisha la stoo. Wote wanne walikuwa wamesema petroli, mlangoni. Walikuwa wamekuja kujipatia sifa, basi, na walikuwa wamemlia asubuhi nzima.

Kesi yenyewe mtu angeieleza akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Palikuwa na timu mbili na barabara moja katikati yake, pana kiasi cha lori moja na nusu. Upande huu, zamani, wafyatua matofali walianzisha Tofali, jezi ya chungwa. Upande wa pili mafundi wa magari wakaanzisha Karakana, jezi ya bluu. Tangu hapo watu wa pande hizo mbili wameoana, wamezikana, wameombana chumvi, lakini ukimuuliza mmoja wao njia ya kwenda sokoni atataka kwanza kujua wewe ni wa timu gani. Jumapili magharibi tawi la Tofali, chumba kimoja kirefu chenye viti, ngoma na picha za wachezaji, lilishika moto. Mzee mlinzi wa pale, ambaye kila siku saa kama hiyo huwa kwa binti yake akinywa chai, siku hiyo homa ilikuwa imemlaza stoo. Alitolewa akiwa hai, miguu yote miwili imeungua, na daktari alikuwa bado hajataka kuahidi kitu. Mzee akifa, kesi ya kuchoma inageuka kuwa kesi ya kuua.

Mtuhumiwa alikuwepo, tena alikuwa mahabusu tangu usiku ule ule. Fundi rangi wa nyumba, Mwanakarakana tangu tumboni. Jezi yake ya bluu, yenye madoa ya rangi ya milango kifuani, iliokotwa mtaroni hatua hamsini kutoka kwenye moto. Mashahidi kumi na mmoja walimwona mtu wa jezi ya bluu, uso umefungwa skafu, akienda zake akiimba wimbo wa Karakana. Fundi rangi alisema saa hiyo alikuwa peke yake ndani ya nyumba tupu akipaka dari, na dari haitoi ushahidi.

Lililoufanya mtaa usilale ni undugu. Aliyeingia motoni akamtoa mzee alikuwa Kipaza, kiongozi wa nyimbo wa Tofali, mtu ambaye akifungua mdomo jukwaani hana haja ya spika. Na Kipaza alikuwa kaka wa damu wa mke wa fundi rangi. Kaka kaokoa, mume kachoma. Mtaa ulikuwa umeshaitafuna habari hiyo mpaka mfupa, na sasa ulitaka mwisho wake.

Mkuu wa kituo naye aliutaka. Alichungulia mlangoni akiwa amevaa kofia tayari, akasema gari la mahakamani linaondoka saa nane kamili na fundi rangi atakuwa ndani yake. Jumamosi timu hizi zinakutana. Mtaa unataka mtu.

"Mtaa unataka mtu yeyote, mkuu," Inspekta alijibu. "Hapo ndipo penye tatizo."

Mkuu alisema tatizo lina mpaka wa saa nane, akaenda zake.

Inspekta alitoka kwenda stoo ya vielelezo. Kwenye benchi la koridoni, mahali pale pale pa jana na juzi, alikuwa ameketi mke wa fundi rangi. Alikuwa msusi, mwembamba, vidole virefu visivyojua kutulia, na kila asubuhi alifika kabla zamu haijabadilishana. Hakulia wala hakumshika mtu mkono. Inspekta akipita alimwambia, "Subiri kidogo, mama," na yeye alijibu, "Nasubiri, afande." Katika wiki ambayo kila mtu alikuwa na la kupayuka, Inspekta alimshukuru kimoyomoyo kwa kunyamaza kwake.

Koplo alikuwa stoo akipanga maelezo ya mashahidi. Alikuwa kijana mtiifu, mwandiko mzuri, na Inspekta alikuwa amemwamini mpaka dakika ile alipoona kwamba karatasi ziko kwenye marundo mawili, na kila karatasi ina herufi pembeni. Moja T, nyingine K. Rundo la K lilikuwa ndani ya bahasha, chini kabisa, chini ya kiti.

Alimuuliza ndiyo nini hiyo. Koplo alieleza kwa utulivu, akiamini anasifiwa, kwamba amewatenganisha mashahidi ili kurahisisha kazi. Hao wa K ni Wanakarakana, hawaaminiki, watamtetea mwenzao. Alikuwa amewaandika kwa kifupi tu.

"Wewe ni wa T au wa K?" Inspekta aliuliza, na swali lenyewe lilimchoma ulimi, maana ndilo alilokuwa ameapa kutomuuliza mtu.

"Kazini sina timu, afande."

"Nje ya kazi?"

Koplo aliangalia viatu vyake. Siku tatu, basi, nusu ya mtaa ilikuwa imehojiwa na mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Inspekta alitaka kugombana, lakini kugombana kungemla nusu saa, na nusu saa hakuwa nayo. Alimwambia alete jezi.

Kwenye daftari la vielelezo Koplo alikuwa ameandika: jezi moja, bluu, madoa ya rangi nyeupe na kijani kifuani, imetambuliwa na mtuhumiwa kuwa yake. Yote yalikuwa kweli. Inspekta aliitandaza mezani, akaitazama mbele, akaitazama nyuma, kisha akafanya ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu Jumapili. Aliigeuza ndani nje.

Kwa ndani, shingoni na makwapani, bluu ilikuwa imechafuka. Doa pana lenye ukungu, rangi ya chungwa.

Koplo alisema mara moja kwamba hiyo ni rangi ya kazini, mtu ni fundi rangi. Inspekta alikwaruza doa kwa ukucha. Rangi ya mlango hukauka ikawa ganda, nayo huanguka kifuani, haiingii makwapani. Hii ilikuwa imenywewa na kitambaa. Ilikuwa imetoka kwenye kitambaa kingine, kwa jasho. Alimgeukia Koplo, akamtazama kola. Chini ya shati la kazi, palipokuwa na kifungo kisichofunga vizuri, palichungulia kitu.

"Fungua vifungo."

"Afande?"

"Viwili tu. Sijakuambia uoge."

Koplo alifungua. Ndani ya sare ya serikali alikuwa amevaa jezi ya Tofali ya msimu huu. Na upande wa ndani wa kola ya sare, shingoni, palikuwa na doa pana lenye ukungu, rangi ya chungwa.

Alijitetea kwa sauti ndogo. Alisema jezi za mwaka huu zinatoa rangi, kila mtu analalamika, mtengenezaji aliwaingiza mjini. Ukitoka jasho kidogo tu inahamia kwenye nguo yoyote iliyo karibu. Inspekta alimwacha aseme mpaka amalize. Kisha akamuuliza kama Mwanakarakana, tena wa tangu tumboni, angeweza kuvaa jezi hiyo kwa ndani, labda kwa baridi.

"Mwanakarakana?" Koplo karibu acheke. "Hata afe. Na sisi vilevile, jezi yao haigusi ngozi yangu. Labda mtu alazimishwe kuvaa yao juu, basi chini lazima awe na..."

Hakumaliza. Alifunga vifungo vyake taratibu, kimoja baada ya kingine, akaketi bila ruhusa. Inspekta hakumkemea. Alitoa bahasha ya K chini ya kiti, akasoma karatasi zote tisa palepale akiwa amesimama. Nane hazikuwa na kitu. Ya tisa ilikuwa ya fundi viatu wa kwenye kona, na Koplo alikuwa amemwandika kwa mstari mmoja: *Shahidi analalamika kwamba wimbo uliimbwa vibaya. Hana la maana.*

Ilikuwa saa tano na robo.

Fundi viatu alikuwa na kibanda cha mbao pale njia inapokata kona, kati ya tawi lililoungua na nyumba ya fundi rangi. Ukutani alikuwa amebandika picha ya kikosi cha Karakana, na mtu aliyetaka kiatu chake haraka ilimpasa kuisifu kwanza. Alikuwa na misumari midogo midomoni, na hakuitoa mpaka alipouliza alilokuwa na hamu ya kuuliza.

"Mama, wewe timu gani?"

"Sina."

"Mtu hakosi timu."

"Mimi nimekosa. Nilizaliwa mbali. Niambie habari za wimbo."

Alimtazama kwa huruma, akatoa misumari. Alisema alimwambia yule kijana siku ya Jumatatu, tena mara mbili, lakini kijana aliandika huku anatazama saa. Yule mtu alimpita yeye kwa umbali wa hatua nne tu. Uso hakuuona, skafu ilimfika machoni, na sauti aliifanya nzito, ya puani. Lakini wimbo aliusikia wote, na kilichomuuma ni kwamba hakuwa mtu anayeujua wimbo kwa kuuimba. Alikuwa mtu anayeujua kwa kuusikia kutoka ng'ambo ya uwanja.

Inspekta aliomba auimbe. Fundi viatu hakuhitaji kubembelezwa. Alishika nyundo, akapigia soli mapigo, akaimba:

*Nyundo juu, nyundo chini,*
*Karakana tupo kazini,*
*Tofali bichi halijengi nyumba,*
*Mvua ikija linavimba.*

"Huo mstari wa tatu ndio utamu wenyewe," alieleza. "Tunaurudia mara mbili. Watoto wetu wanaujua kabla hawajajua kuhesabu. Sasa yule bwana kaja vizuri, nyundo juu, nyundo chini, kazini, sawa. Kufika pale, mm-mm-mm-mm, anaguna tu, kama mtu mwenye tonge mdomoni. Halafu mvua ikija, anaimba tena sawasawa. Akarudia mzunguko wa pili, vilevile."

"Labda aliusahau."

"Mama, mtu anasahau jina la mkwe wake. Mstari ule hasahau."

Inspekta alimtaka aandike upya maelezo yake, yote, kwa maneno yake mwenyewe, na aje naye kituoni. Fundi viatu alifunga kibanda kwa furaha kubwa kuliko ilivyostahili.

Njiani Inspekta alijikuta akitembea haraka, na hasira zake nazo zikitembea haraka. Mwanatofali, basi, alikuwa amevaa bluu juu ya chungwa, akachoma tawi lake mwenyewe, akaondoka akiimba wimbo wa wenzake ili asikike. Kwa nini, hilo Koplo, aliyekuwa amewangoja nje ya kibanda, alilijibu bila kufikiri: chama cha mpira kina sheria mpya, mashabiki wakifanya fujo timu yao inacheza mechi inayofuata bila mashabiki. Jumamosi jukwaa la bluu lingekuwa tupu. Inspekta alisimama barabarani akamuuliza kama anamaanisha kwamba mzee wa watu anaoza miguu hospitali ili kwaya moja ikose mpinzani.

Ilibaki jezi. Jezi ilikuwa ya fundi rangi, na yeye alisema katika maelezo yake ya kwanza kwamba ilikuwa kwenye kamba tangu Jumamosi, uani. Ule ua una ukuta na geti, na geti lina komeo la ndani. Huingii bila kufunguliwa, na hufunguliwi kama si mtu wa ndani. Na karatasi hiyo hiyo, mwishoni, katika yale mambo ambayo mtu husema tu kuonyesha kwamba hana ubaya na mtu, fundi rangi alikuwa ameeleza kwamba Jumapili mchana alikula pamoja na shemeji yake, wakataniana habari za mechi, na shemeji akaondoka kwa kupitia uani.

Koplo aliisoma sentensi hiyo mara mbili.

"Afande, yule aliingia motoni. Mikono yake imeungua. Mtaa mzima uliona."

"Nami naamini. Mwite. Mwambie nahitaji msaada wake."

Kipaza alifika saa saba kasoro robo, na watu kama ishirini walimsindikiza mpaka getini wakiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa mtu mpana, uso wa kupendeka, mikono yote miwili imefungwa bandeji hadi viganjani. Koridoni alisimama mbele ya dada yake, akainama, akamwambia kitu. Msusi aliitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Inspekta aliona, akadhani ni uchungu wa mume.

Alimkalisha karibu na dirisha. Chumba cha pili, dirisha lake likiwa wazi, fundi viatu alikuwa ameketi na Koplo, ameamriwa asikohoe. Inspekta alianza kwa kumpa pole ya mikono na kumshukuru kwa ajili ya mzee. Kipaza alisema yeyote angefanya vile. Alisema alikuwa njiani akasikia harufu, akakimbia, hakujua kama kuna mtu ndani mpaka aliposikia sauti. Aliposema "sauti" alimeza mate, na Inspekta hakuwa na shaka kwamba hapo alikuwa anasema kweli.

Alimweleza shida yake. Ana mashahidi kumi na mmoja waliosikia wimbo, lakini yeye hajui mpira wala nyimbo, na mahakamani wakimuuliza atababaika. Angependa kuusikia kwa mtu mwenye sauti. Kipaza alicheka, akasema amemwita mtu wa timu nyingine. Inspekta alisema ndiyo maana, asije akaambiwa ameimbiwa na mwenye wimbo.

Kipaza alijisafisha koo. Kuimba kulikuwa ndiyo kazi yake, na mtu hushindwa kuificha kazi yake.

*Nyundo juu, nyundo chini,*
*Karakana tupo kazini,*

Kisha akaguna, mapigo yote mahali pake, kichwa kikiyumba kidogo. Kisha:

*Mvua ikija linavimba.*

Hakujua. Hilo ndilo lililomshangaza Inspekta, kwamba mtu mwenyewe hakujua. Miaka yote ya kuusikia wimbo ule alikuwa akiuruka mstari ule, mpaka masikio yake yalikuwa yamezoea kwamba pale hapana maneno.

"Mara ya pili, tafadhali," alisema. "Mstari wa tatu sikuushika."

Aliimba tena. Aliguna tena.

"Na maneno."

Kipaza alifungua mdomo, akaufunga. Ndipo alipoona. Alitazama dirisha lililokuwa wazi, akatazama mikono yake, akamtazama Inspekta, na ule uchangamfu ukamtoka usoni kidogo kidogo.

Inspekta hakupandisha sauti. Alikuwa amechoka mno. Alimwambia juu ya jezi, bluu kwa nje na chungwa kwa ndani. Alimwambia juu ya komeo la geti. Alimwambia kwamba mtu aliyetoka kwenye moto ule aliguna pale pale alipoguna yeye, mizunguko miwili, na kwamba aliyemsikia yuko nyuma ya ukuta huu na amesikia tena sasa hivi.

"Nitakuambia ukweli," alisema. "Jezi peke yake ni ya Mwanatofali yeyote. Komeo peke yake ni la ndugu yeyote. Kuguna kwako ndiko kunakovifunga pamoja. Uimbe sasa wimbo mzima, na maneno yake, mara moja tu, na wakili yeyote ataniuliza ni kuguna gani ninakosema. Maneno manne. *Tofali bichi halijengi nyumba.* Hata mimi nimeyasema, na sikufa."

Nje watu wake walikuwa bado wanaimba getini. Kipaza alilowesha midomo. Alianza, nyundo juu, nyundo chini, kwa sauti isiyokuwa na nguvu hata ya kujaza chumba. Kazini. Akavuta pumzi. Mishipa ya shingo ilimsimama. Inspekta alijikuta ameshika ukingo wa meza, na asingeweza kusema kama alikuwa anataka aseme au asiseme.

"Baba yangu alifyatua matofali miaka thelathini," Kipaza alisema. "Nyumba tuliyozaliwa mimi na dada yangu aliijenga nayo. Iko pale mpaka leo, haina ufa. Siwezi."

"Shemeji yako anaozea mahabusu, na maneno manne huwezi?"

"Andika, afande. Nilichoma mimi. Lakini huo mstari siusemi."

Akasimulia, na Inspekta akaandika. Alikuwa amekusudia viti na ubao wa dirisha tu, moshi mwingi, Karakana wafungiwe jukwaa, basi. Mzee kila siku huwa kwa binti yake. Jezi aliichukua pale kwa sababu hakujua kwingine pa kuipata bila kununua, na kununua jezi ya bluu ingekuwa kujitukana. Madoa? Madoa yale alikuwa ameyazoea, miaka sita anamwona shemeji yake nayo, hata hakuyaona. Alidhani ni jezi tu, ziko elfu. Alipokwisha kuitupa mtaroni ndipo aliposikia mzee analia. Walipomkamata shemeji, alijiambia kesho nitasema. Kesho yake mtaa ukamnyanyua mabegani.

Inspekta alitia sahihi, akamsogezea kalamu. Kwa bandeji zile ilimchukua muda mrefu kuishika. Alipaswa kuona raha, maana saa saba na dakika arobaini gari lilikuwa bado getini na fundi rangi hakuwa ndani yake, lakini alichoona ni uchovu tu, na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Kwa kuguna, na kwa viti, na kwa jukwaa tupu la Jumamosi moja.

Alitoka koridoni. Msusi alikuwa pale pale. Inspekta aliketi kando yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku zote tatu, akatafuta pa kuanzia. Alimwambia mume wake anatoka sasa hivi, hana kosa, wanamwandikia tu vitu vyake. Alingoja ashukuru. Msusi hakushukuru.

"Ni kaka, sivyo?" aliuliza.

Inspekta alimgeukia.

"Alipita chini ya dirisha langu Jumapili," msusi alisema. "Sauti aliibadilisha. Lakini kaka tangu utoto, akilazimishwa neno asilolitaka, huwa analiguna. Mama akimwambia omba radhi, radhi yenyewe anaiguna. Nilikuwa namsuka mtu. Mikono ilinifa."

"Ulijua tangu Jumapili."

"Tangu kabla hamjamchukua mume wangu."

"Umekaa hapa siku tatu." Inspekta alisikia sauti yake ikipanda, akaishusha. "Umekaa hapa, mimi napita mbele yako, mumeo yuko ndani. Kwa nini hukusema?"

Msusi alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake hayakuwa na lawama.

"Nilikuja ili niulizwe, afande. Kuja kwa miguu yangu kumtoa ndugu yangu, sikuweza. Lakini ungeniuliza ulisikia nini, nisingekudanganya. Nilisema moyoni, leo ataniuliza. Yule kijana aliniuliza mimi ni wa timu gani. Nikamwambia sijui tena. Akaandika, akaenda. Wewe uliniambia nisubiri."

Inspekta alimkumbuka mwokaji na wenzake watatu, wote aliowahoji kwa kirefu kwa sababu walipiga kelele. Chumba cha mahabusu kilisikika kikifunguliwa komeo, na upande wa pili wa koridoni Koplo alikuwa anamwinua Kipaza kutoka kitini.

"Wanapita njia moja?" msusi aliuliza.

"Ipo hii moja tu."

Msusi alikusanya miguu yake chini ya benchi ili wapite. Kisha akafumba macho, mapema, kabla mlango wowote kati ya ile miwili haujafunguka.